Farasi waingie lini kwenye malisho mapya? Jibu kwa mfugaji wa Usa River

Msomaji wetu wa Usa River ameuliza hivi: "Nina ekari sita zilizolimwa mahindi kwa miaka mingi. Mwanzoni mwa Aprili nilipanda nyasi za Rhodes kwa ajili ya farasi wangu watatu. Sasa ni mwisho wa Mei, nyasi zimefika magotini sehemu nyingi, lakini kuna mabaka ambayo hayakuota kitu, na magugu nayo yamejitokeza. Jirani yangu anayefuga ng'ombe wa maziwa ananishauri nizibe mabaka hayo kwa Setaria na brakiaria, kisha niwafungulie farasi mara moja ili wakanyage ardhi na mizizi ishike. Je, nifuate ushauri huo?"

Ndugu msomaji, jirani yako amekushauri kwa nia njema, na kwa ng'ombe wake mbegu hizo huenda zisingeleta shida yoyote. Kwa farasi wako naomba usiufuate ushauri huo, si kwa upande wa mbegu wala kwa upande wa kuwafungulia mapema. Farasi hutofautiana na ng'ombe katika mambo matatu yanayogusa malisho moja kwa moja, yaani tumbo, meno na kwato, na karibu kila uamuzi utakaoufanya kwenye ekari hizo sita katika mwaka huu wa kwanza utategemea tofauti hizo.

Nianze na mbegu, kwa sababu shamba lililofunguliwa mapema linaweza kurudi katika hali yake baada ya msimu mmoja au miwili, ilhali nyasi isiyofaa ikishajikita huchukua miaka kuiondoa. Setaria, brakiaria, panikamu na mabingobingo zina kemikali iitwayo oksaleti, kwa viwango vinavyotofautiana, na Setaria ni miongoni mwa zile zenye kiwango cha juu kabisa. Oksaleti hukamata kalsiamu iliyomo kwenye majani na kuifanya isiweze kufyonzwa, ikatoka na mavi. Katika tumbo la kwanza la ng'ombe wamo vijidudu vinavyoivunja oksaleti mapema, kabla chakula hakijafika kwenye utumbo mdogo. Farasi hana tumbo la namna hiyo. Yeye huchachusha majani kwenye utumbo mpana, nyuma ya mahali ambapo kalsiamu hufyonzwa, kwa hiyo kalsiamu hiyo humpita bila kumfaa. Mwili unapoikosa kwenye chakula huichota kwenye mifupa, na farasi anaweza kushinda malishoni akiwa ameshiba na amenawiri huku mifupa yake ikidhoofika.

Dalili huchukua miezi kujitokeza. Kwanza utaona hatua zimekuwa fupi na ngumu, kisha kuchechemea ambako leo kuko mguu huu na wiki ijayo kuko mwingine, hata ukadhani ni jiwe la kwato au mkazo wa misuli. Baadaye mifupa ya uso huvimba pande zote mbili, juu kidogo ya mstari wa magego, kwa sababu mfupa ulioliwa umezibwa na nyama ngumu ya nyuzinyuzi. Ukifikia hapo, matibabu ni marefu na uso wenyewe mara nyingi haurudi ulivyokuwa. Ugonjwa huu huongezewa kasi na desturi iliyoenea kwetu ya kuwapa farasi pumba nyingi, za ngano au za mahindi, kwa kuwa pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo sana. Kama farasi wako wanakula pumba kila siku, zipunguze, na uzungumze na daktari wa mifugo kuhusu kuongeza chokaa ya mifugo au majani makavu ya lusani (alfalfa), ambayo yana kalsiamu ya kutosha.

Rhodes uliyoipanda ina oksaleti kidogo, na kwa farasi wa ukanda wetu sioni nyasi ya kupanda iliyo bora kuliko hiyo. Ukoka unaoota wenyewe kandokando ya shamba nao ni chakula kizuri. Hustahimili kuguguniwa chini na kukanyagwa, kwa hiyo ukiuona unaingia polepole usiung'oe. Kuna mimea mingine mitatu ambayo wafugaji wa ng'ombe huipenda na ambayo mtu anaweza kukushawishi uipande. Mtama na jamii yake, ukiwemo mtama wa Sudani, huweza kuharibu mishipa ya fahamu na kibofu cha farasi anayeula kwa muda mrefu. Majani ya mti wa lusina humfanya farasi anyonyoke nywele za shingo na mkia. Jamii ya marejea, ambayo wakulima huitumia kurutubisha udongo, ina aina kadhaa zenye sumu inayoua ini la farasi, na kwa kuwa si rahisi kuzitofautisha shambani, njia salama ni kutouacha mmea wowote wa jamii hiyo ndani ya uzio.

Sasa nije kwenye swali lenyewe la kuwafungulia. Urefu wa majani hauwezi kukuambia kama shamba liko tayari. Rhodes iliyopata mvua ya masika hurefuka haraka sana juu ya ardhi, na katika wiki nane unaweza kuona shamba la kuvutia ambalo chini yake mizizi bado haijaenda mbali. Ng'ombe hukusanya majani kwa ulimi na kuyakata juu juu. Hana meno ya mbele kwenye taya la juu. Farasi anayo meno ya mbele juu na chini, hubana nyasi karibu kabisa na udongo na kuivuta kwa mkupuo wa kichwa. Nyasi isiyoshika vizuri hutoka nzima na mzizi wake. Tena kwato za farasi ni ngumu, wakati mwingine zina viatu vya chuma, na anapogeuka ghafla au kukimbizana na wenzake hukata ardhi laini.

Kipimo ninachokiamini ni hiki. Nenda shambani asubuhi, chagua mahali kumi au zaidi bila kupendelea, na kila mahali bana fungu dogo la nyasi kati ya kidole gumba na cha shahada, chini karibu na udongo, kama farasi anavyobana kwa meno, kisha livute kwa mkupuo mmoja kuelekea pembeni. Majani yakikatika mkononi na shina likabaki, mizizi imeshika. Shina likitoka na mizizi yake na udongo ukining'inia, shamba halijawa tayari, hata kama nyasi zimefika kiunoni. Usiridhike na sehemu moja nzuri. Kwa farasi, sehemu dhaifu ndizo zitakazogeuka matope kwanza. Kisha chimbua shina moja kwa panga uone lilivyo. Mmea uliokomaa huwa na machipukizi mengi kuzunguka shina la kwanza na vitawi vinavyotambaa juu ya udongo vikitoa mizizi kwenye vifundo. Ukikuta shina moja refu lililo peke yake, mmea huo bado ni mchanga.

Wazo la kukanyagisha ardhi lina asili yake ya kweli. Mara tu baada ya kumwaga mbegu, udongo hushindiliwa kidogo, kwa pipa la kubingirisha au kwa miguu ya kondoo, ili mbegu igusane na unyevu. Kazi hiyo hufanyika siku ya kupanda na hukoma hapo. Kukanyaga miche yenye wiki nane, hasa udongo ukiwa bado na maji ya masika, huvunja machipukizi na kuufunga udongo usipitishe hewa.

Badala ya farasi, mwaka huu wa kwanza peleka kwanza mashine ya kukata au fyekeo. Nyasi zinapoanza kutoa maua, ambako kwako nadhani kutakuwa kati ya mwanzo na katikati ya Juni, zikate zikibaki na urefu wa sentimita 10 hivi. Kukata huku kuna faida mbili: huamsha machipukizi ya chini, na huangusha magugu mengi kabla hayajatoa mbegu. Utapata pia marobota yako ya kwanza ya hei, ila uwe mwangalifu katika kuyaanika, kwa sababu Juni na Julai Usa River huwa na baridi na mawingu yanayokaa hadi mchana. Nyasi zigeuzwe mara kwa mara na zisifungwe hadi shina likivunjwa lisitoe unyevu. Hei yenye ukungu, ambayo ng'ombe anaweza kuila bila shida kubwa, humwachia farasi kikohozi na pumu isiyopona.

Baada ya mkato huo Rhodes itachipua polepole, kwa kuwa haipendi baridi, na mvua itakuwa imekatika. Kama una zamu ya maji ya mfereji, huenda kipimo cha kuvuta kikakubali kufikia mwezi wa Agosti au Septemba. Kama unategemea mvua tu, ningekushauri uliache shamba hadi vuli inyeshe na nyasi zirudi kufikia sentimita 25 hadi 30, na farasi waingie kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Novemba au Desemba. Najua ni kusubiri kwa muda mrefu na kwamba kununua hei miezi yote hiyo ni gharama. Lakini nimeona mashamba ya Rhodes yaliyofunguliwa mapema yakiwa vumbi na magugu kabla ya masika ya pili, na mwenye shamba akalazimika kununua hei ile ile, pamoja na mbegu upya.

Kuhusu mabaka, kwanza tafuta chanzo chake kabla ya kununua chochote. Chimba kwenye baka moja kubwa hadi sentimita 30. Ukikutana na tabaka gumu ambalo jembe linadunda, hilo ni zao la miaka mingi ya plau kupita kina kile kile, na litahitaji kuvunjwa kwa jembe refu la trekta kabla ya kupanda tena. Ukiona utando mweupe wa chumvi juu ya udongo, mahali hapo pana magadi. Rhodes huvumilia chumvi kuliko nyasi nyingi, lakini mche wake mchanga si mvumilivu kama mmea mzima, kwa hiyo panafaa zaidi vipandikizi kuliko mbegu. Ukikuta vishimo vya sungusungu na makapi ya mbegu mlangoni, basi mbegu zako zilibebwa. Na kama hakuna lolote kati ya hayo, uwezekano mkubwa ni kwamba mbegu zilifukiwa mno. Mbegu ya Rhodes ni ndogo na nyepesi kama manyoya, na ikipita sentimita mbili chini ya udongo mara nyingi haifiki juu.

Mabaka madogo, yenye upana wa hatua moja au mbili, yaache. Vitawi vya Rhodes vitayafunika vyenyewe msimu ujao. Makubwa yasubiri vuli. Ukipanda sasa, miche itakutana na baridi kisha ukame. Mvua ikishatulia, kwangua udongo wa juu, changanya mbegu na mchanga mkavu au vumbi la mbao ili iweze kumwagika sawasawa, pitisha tawi la mti juu yake, kisha shindilia. Kwa shamba zima kilo nne hadi sita kwa ekari hutosha mbegu ikiwa nzuri, na kwa mabaka kadiria kulingana na eneo. Kabla ya kununua, omba kuiona lebo ya ukaguzi ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, na tarehe ya mavuno, kwa kuwa mbegu ya Rhodes iliyovunwa karibuni hulala kwa miezi kadhaa na haioti vizuri hata ukiimwagilia. Hesabu mbegu 100, ziweke kwenye pamba yenye unyevu ndani ya sahani, uzifunike, na baada ya siku kumi uhesabu zilizochipua.

Magugu ya farasi ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la mavuno. Lililo baya kuliko yote kwa sasa ni gugu karoti, ambalo limeenea sana katika mkoa wa Arusha tangu lilipogunduliwa mkoani humo mwaka 2010, na ambalo hupenda hasa ardhi iliyochimbuliwa na kubaki wazi, kama hayo mabaka yako. Ling'oe kabla halijatoa maua meupe, ukivaa glavu na kufunika mikono, kwani huwasha ngozi na huleta pumu kwa watu wengine. Mnanaha, mbarika na lantana pia viondolewe hadi nje ya uzio. Usiviache vikikauka palepale ulipovikata, maana mmea wenye sumu ukinyauka hupoteza uchungu wake bila kupoteza sumu, na farasi aliyeukwepa jana anaweza kuula leo. Dawa ya kuua magugu ya majani mapana inaweza kutumika baada ya nyasi kuanza kutoa machipukizi, ila kwa ekari sita ningependelea vibarua na majembe. Ukitumia dawa, siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo zihesabiwe kwa ukali.

Kagua pia viwavijeshi, hasa baada ya mvua za vuli. Hupenda nyasi changa, na kundi lake linaweza kumaliza shamba la ekari moja kwa siku chache. Pita asubuhi na mapema au jioni, na ukiwaona, mtafute afisa ugani siku hiyo hiyo.

Siku ya kuwafungulia ikifika, anza na saa moja kwa siku, baada ya kuwapa hei kwanza, kisha ongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili. Tumbo la farasi halivumilii mabadiliko ya ghafla, na msokoto wa tumbo unaweza kumuua kwa siku moja. Ligawe shamba katika padoki nne au sita kwa uzio wa umeme wa kuhamishika. Farasi wakae katika padoki moja siku tano hadi saba, watoke kabla nyasi hazijashuka chini ya sentimita 10, na padoki ipumzike wiki tatu hadi nne wakati wa mvua, na wiki sita au zaidi wakati wa kiangazi. Kipimo hicho cha sentimita 10 kina sababu nyingine pia: farasi anayeguguna nyasi fupi kwenye udongo wetu wa vumbi la volkano humeza mchanga kila anapouma, na mchanga huo hujikusanya tumboni. Kisigino chako kikizama na kuacha maji kwenye alama yake, farasi wasiingie siku hiyo. Kwa siku kama hizo tenga eneo dogo karibu na banda, liwekwe changarawe, liwe mahali pa kukaa farasi bila malisho.

Ni vizuri ujue mapema kwamba ekari sita hazitawatosha farasi watatu mwaka mzima bila nyongeza. Farasi wa kilo 450 hula takribani kilo 10 za majani makavu kwa siku, hivyo watatu hula kilo 30, yaani karibu tani 11 kwa mwaka. Ekari sita ni hekta 2.4. Tukikisia tani 7 za majani makavu kwa hekta kwa shamba lililokomaa lisilomwagiliwa, tutapata karibu tani 17, na nusu yake hupotea kwa kukanyagwa na kuchafuliwa kwa mavi. Pengo linalobaki ni la kama miezi mitatu, takribani marobota 200 ya kilo 15, na mwaka wa kwanza litakuwa kubwa zaidi.

Tena farasi wako hawatakuwa malishoni usiku. Visubi wanaoeneza homa ya farasi ya Afrika huruka kuanzia machweo hadi mapambazuko, na pundamilia, ambao hubeba virusi hivyo bila kuugua, wako karibu nawe katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Warudishe bandani kabla jua halijazama, hasa misimu ya mvua, na usiache maji yatuame kwenye kona za shamba.

Mavi yaokotwe angalau mara mbili kwa wiki. Farasi hawali karibu na mavi yao, na kazi hii ikiachwa, shamba hugawanyika sehemu mbili: moja iliyogugunwa hadi udongo na nyingine yenye nyasi ndefu zilizochakaa, huku minyoo ikienea kote. Hapa ndipo jirani yako anaweza kukusaidia kweli kweli. Ng'ombe wake wachache wakiingia kwenye padoki baada ya farasi kutoka, watakula zile nyasi ndefu ambazo farasi wamezikataa, na minyoo mingi ya farasi itafia matumboni mwao. Sharti ni moja: dawa ya kupe anayoitumia ikiwa ina amitrazi, isipakwe wala kunyunyiziwa farasi kamwe, kwa kuwa husimamisha mwendo wa utumbo wao.

Maji ya kunywa yapimwe floraidi, kwa kuwa mito na chemchemi nyingi za upande wako wa Mlima Meru zina floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa ya wanyama kama inavyoharibu ya watu. Farasi anayetegemea meno ya mbele kukata nyasi huathirika mapema. Ukiweza, vuna maji ya mvua kutoka kwenye paa la banda kwa ajili yao.

Mwisho ni udongo. Ardhi ya majivu ya volkano hushika fosforasi na kuinyima mimea, na mahindi ya miaka mingi yamechota iliyokuwepo, kwa hiyo peleka sampuli kwenye maabara ya TARI Selian, kituo cha utafiti wa kilimo cha Arusha, kabla ya vuli. Udongo ukiwa na tindikali, fosfeti ya Minjingu itayeyuka na kufanya kazi. Ukiwa wa magadi haitayeyuka, na itabidi utumie mbolea ya fosfeti inayoyeyuka kwa urahisi, kama TSP au DAP. Mbolea ya nitrojeni weka kidogo, mara moja baada ya mkato na mvua ikiwepo, na farasi wasiingie hadi mvua iioshe kabisa kutoka kwenye majani. Samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri ni nzuri sana, imwagwe kwa wembamba mwezi Oktoba, ila ya farasi wenyewe ipelekwe bustanini au ioze kwa joto kwanza, isirudi mbichi kwenye shamba wanakolishwa.